Drafti Huchezwa kwa Kulisha

Sheria moja ndiyo inayoifanya drafti iwe drafti: kula ni lazima. Katika chesi, ukiona kete ya mwenzako imeachwa peke yake unaweza kuipita kana kwamba hukuiona. Katika drafti huna hiari hiyo. Kete yake ikikaa mbele yako na nyuma yake pana mraba mtupu, utaila, hata kama unajua fika kwamba ukishaila utaliwa tatu. Anayejifunza huifurahia sheria hii kwa sababu anapenda kula. Aliyekwisha kuiva huipenda kwa sababu nyingine kabisa: inampa uwezo wa kuamuru mkono wa mwenzake utakwenda wapi. Ushauri wote ninaotaka kukupa unatoka hapo.

Nawaandikia hasa wale wanaosimama nyuma ya wachezaji. Kakamega ina watu wengi wa namna hiyo. Utawakuta kwenye steji za bodaboda, Muliro Gardens chini ya miti, na kwenye veranda za maduka mvua ya alasiri inapoanza na shughuli zikasimama. Wanajua nani hashindwi kirahisi, wanajua kucheka mtu anapokatwa kete tatu kwa mkupuo, lakini kiti kikiachwa wazi wanarudi nyuma hatua moja. Hakuna sababu ya kuogopa. Mchezo huu hauhitaji pesa. Kipande cha plaiwudi au katoni ngumu, rula, kalamu ya wino na vizibo ishirini na nne vya chupa za soda vinatosha. Wakaribie wenye kibanda uwaombe vizibo vya rangi mbili, kumi na viwili kila rangi. Ukikosa rangi ya pili, upande mmoja utavilaza vizibo vyake kifudifudi na mwingine chali. Vizibo vichache vya akiba ni vya kuwekwa juu ya kete inayofika mwisho wa ubao na kuwa kingi.

Chora miraba minane kwa minane, yote sitini na minne, kisha uipake rangi au uitie mistari ya wino ukiruka mmoja mmoja. Mchezo hufanyika kwenye ile thelathini na miwili myeusi peke yake. Uweke ubao hivi: kona ya mkono wako wa kushoto, iliyo karibu nawe, iwe nyeusi. Tazama vizuri kabla ya kupanga, kwa sababu ukigeuza ubao, mshazari mkuu unahama na yote nitakayokueleza baadaye kuhusu kona yatakuwa kinyume. Kila mmoja hupanga kete kumi na mbili katika safu tatu za kwanza za upande wake. Safu mbili za katikati hubaki tupu.

Kete ya kawaida husogea mbele kwa mshazari, mraba mmoja. Hula kwa kuiruka kete ya adui iliyo jirani na kutua mraba wa pili, na ikiwa hapo ilipotua inaona nyingine ya kula, inaendelea katika zamu ile ile. Ikifika safu ya mwisho ya upande wa pili inakuwa kingi, inawekewa kizibo cha pili juu yake, na tangu hapo inakwenda mbele na nyuma. Anayebaki bila kete, au mwenye kete ambazo zote zimezibwa zisiweze kusogea, ameshindwa. Watu husahau hilo la pili. Nimeona wachezaji wazuri wakiomba sare ilhali mwenzao hakuwa na hata mraba mmoja wa kwenda.

Hadi hapo karibu dunia nzima inakubaliana. Baada ya hapo kila meza ina desturi yake, na ugomvi mwingi unaousikia kwenye drafti hautokani na ubishi wa watu bali na kutoulizana mapema. Kabla ya kete ya kwanza kusogea, uliza: je, kete ya kawaida inaweza kula kurudi nyuma? Kingi anakwenda mraba mmoja mmoja au anaruka mbali, kutoka pembe hadi pembe? Akiruka mbali na kula, ni lazima atue mara tu baada ya aliyeliwa, au anachagua mraba wowote mtupu ulio mbele yake? Kukiwa na njia mbili za kula, je, ni lazima ufuate yenye kete nyingi? Na mtu akisahau kula, anarudishwa kula au kete yake inaondolewa ubaoni? Mchezo wa Kiingereza, ambao ndio ulioandikiwa vitabu vingi, una kingi wa hatua moja. Kwenye vijiwe vyetu utakutana zaidi na kingi anayeruka mbali, na yeye hubadilisha kabisa namna ya kumaliza mchezo. Anayetoka Lurambi kwenda kucheza Mumias asidhani amebeba sheria zake mfukoni. Aulize.

Sasa tuingie kwenye kulisha kwenyewe, yaani kumtolea mwenzako kete ambayo ni lazima aile, na hapa naomba uchukue ubao, usisome tu. Ipe miraba myeusi namba. Anza na safu iliyo karibu nawe, kutoka kushoto kwenda kulia: 1, 2, 3, 4. Safu ya pili ni 5 hadi 8, ya tatu 9 hadi 12, na kadhalika mpaka 32 kwenye kona ya kulia ya upande wa pili. Ondoa kete zote. Weka kete zako tatu kwenye 5, 10 na 13. Weka mbili za adui kwenye 21 na 23. Zamu ni yako.

Macho ya mgeni yatakwambia uko salama na usogee polepole. Wewe sogeza 13 hadi 18, umwekee mdomoni. Adui aliye 21 hana hiari: anaruka 18 na kutua 14. Sasa tazama kete yako ya 10. Inaruka 14, inatua 19, na kutoka hapo inamwona wa 23, inamruka naye na kutua 28. Umetoa moja, umechukua mbili, na umebakiza hatua moja uwe kingi.

Rudisha zote mahali pake uiondoe ile ya 5. Cheza vile vile. Safari hii adui akitua 14 hasimami. Anairuka 10 yako na kutua 5, kwa sababu hakuna aliyeziba mraba ule. Mtego mzima umeharibiwa na kukosekana kwa kete ambayo haikusogea hata mara moja. Hili ndilo jambo ambalo watazamaji hawalioni. Wanaona ile kete iliyoruka mara mbili na kupiga makofi, wakati kazi kubwa ilifanywa na iliyokaa kimya nyuma. Ukitaka kujifunza haraka, kila unapokatwa kete mbili au tatu usiangalie iliyokukata. Tafuta mraba mtupu ulioiruhusu ipite, ujiulize ni lini uliuacha mtupu.

Kwa hiyo kabla ya kulisha, hesabu vitu vitatu. Akila atatua wapi? Akitua hapo anaweza kuendelea? Mimi nikila nitatua wapi, na huko kuna anayenisubiri? Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Ukimalizia mtego wako kwenye mraba ambao adui ana kete mbele yako na nyuma yako pana mraba mtupu, ulichochukua kitarudi kwake. Na mwenzako anapokulisha, jiulize maswali hayo hayo kwa niaba yake. Kete ya bure haipo. Ikiwa unaweza kula kwa njia mbili na sheria yenu inakuruhusu kuchagua, usikimbilie yenye kete nyingi mpaka ujue inakufikisha wapi.

Mwanzoni mwa mchezo una hatua saba tu za kuchagua. Mimi hupendelea 10 kwenda 14. Ni mwanzo uliopendwa na wachezaji wa Kiingereza kwa muda mrefu sana, na sababu yake unaiona mwenyewe: unashika katikati na unafungua njia kwa kete za nyuma kutoka. Wanaoanza hupenda kusogea pembeni, 12 kwenda 16, kwa sababu kete ya ukingoni hailiki. Ni kweli hailiki, lakini pia inatazama upande mmoja tu. Ukiwa na kete nne ukingoni umejinyima nusu ya njia zake, na adui anayeshika 14, 15, 18 na 19 atakugawa vipande viwili visivyosaidiana. Sogea kwa jozi, kete moja nyuma ya nyingine, ili aliye mbele asiwe na mraba mtupu mgongoni.

Safu yako ya nyuma ina siri ndogo inayostahili kukaririwa. Usizitoe zote nne mapema, wala usizibakize zote nne, maana utapigana na kete nane dhidi ya kumi na mbili. Bakiza mbili: ya 2 na ya 4. Jaribu ubaoni. Kete moja ya adui ikija 5, ile ya 2 inaila. Ikija 6, vilevile. Ikija 7, ya 4 inaila. Ikija 8, inakwama, kwa sababu mraba pekee iliyobaki nao umekaliwa. Kete mbili zinalinda mlango wote dhidi ya anayekuja peke yake, na nyingine kumi zinakuwa huru kupigana. Wapo watu waliocheza miaka na miaka wakibakiza 1 na 3, au 1 na 4, bila kujua kwa nini adui huwaponyoka.

Nikuambie sasa jambo la kuhesabu ambalo wengi hulifanya kwa hisia tu. Mwisho wa mchezo, kete zikiwa chache na sawa kwa sawa, mshindi mara nyingi ni yule ambaye mwenzake anaishiwa hatua salama kwanza. Weka kete yako 10 na ya adui 18, zinazotazamana kwenye mstari mmoja wima na safu moja tupu kati yao. Ikiwa zamu ni yako, kila unakokwenda unaliwa. Ikiwa ni yake, yeye ndiye anayeliwa. Ubao ni ule ule, zamu tu ndiyo imebadilika. Kuna njia ya kujua mapema nani atakayebanwa. Kete zikiwa idadi sawa na zamu ikiwa yako, tazama mistari minne ya wima inayoanzia miraba yako ya 1, 2, 3 na 4. Hesabu kete zote zilizosimama kwenye mistari hiyo, zako na zake. Ukipata namba witiri, mwendo ni wako, na yeye ndiye atakayeishiwa. Ukipata shufwa, wewe ndiye unayeelekea kubanwa, na itabidi ubadilishe hali. Dawa ya kawaida ni kubadilishana kete moja kwa moja: aghalabu mabadilishano ya namna hiyo huugeuza mwendo. Jaribu kwanza ukiwa na kete mbili kwa mbili, halafu tatu kwa tatu. Baada ya muda jicho litahesabu lenyewe.

Aliyeipeleka hesabu ya namna hii mbali kuliko wote alikuwa mwalimu wa hisabati. Marion Tinsley, Mmarekani aliyezaliwa 1927, alicheza drafti ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka arobaini akashindwa michezo ya kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1992, mjini London, alikutana na Chinook, programu ya kompyuta iliyotengenezwa na Jonathan Schaeffer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Tinsley alishinda michezo minne, akapoteza miwili, na thelathini na mitatu ikaisha sare. Walirudiana 1994, baada ya sare sita Tinsley alijitoa kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka uliofuata akafariki. Schaeffer hakuacha. Mwaka 2007 timu yake ilitangaza kwamba imeutatua mchezo wa Kiingereza mpaka mwisho: pande zote mbili zikicheza bila kosa, matokeo ni sare. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani mchezo umekufa. Mimi nasikia kinyume. Maana yake ni kwamba hakuna anayeanza akiwa ameonewa. Anayeanza na anayefuata wanakaa chini wakiwa sawa, na anayeshindwa ameshindwa kwa hatua ambayo ingeweza kuwa nyingine.

Na usifikiri ukuu wa mchezo huu ni wa Wazungu peke yao. Kwenye ubao mkubwa wa miraba kumi kwa kumi, wenye kete ishirini kila upande, Baba Sy wa Senegal aliwatetemesha mabingwa wa Ulaya miaka ya 1960. Mechi yake ya kugombea ubingwa haikufanyika, na ilichukua mpaka 1986, miaka minane baada ya kifo chake, shirikisho la drafti duniani kumtambua rasmi kuwa bingwa wa 1963. Kijana wa Kakamega anayecheza kwa vizibo anaweza kuhamia ubao huo bila kujifunza mchezo mpya. Kete huko hula hata kurudi nyuma, kingi huruka mbali, na ni lazima ufuate njia yenye kete nyingi zaidi.

Turudi mezani. Ukiwa mbele kwa kete moja, badilishana. Kumi na mbili kwa kumi na moja si kitu. Tatu kwa mbili ni shida kwa mwenzako. Mbili kwa moja ni hatari kubwa. Anayeongoza apunguze ubao, aliye nyuma akatae kubadilishana na kutafuta mtego. Lakini hapa ndipo ile desturi ya kingi mliyokubaliana inapoamua. Kingi akiwa wa hatua moja, wako wawili watamshika mmoja. Atakimbilia kona yenye miraba miwili, 4 na 8 upande wako au 25 na 29 upande wake, aende na kurudi humo. Usimfukuze na wote wawili kutoka upande mmoja. Mmoja amzibie mlango, wa pili aje kumsukuma atoke.

Kingi akiwa anaruka mbali na anaweza kutua mraba wowote baada ya kula, mambo ni mengine. Mshazari mkuu unaotoka 1 hadi 32 unakuwa ngome. Adui mwenye kingi mmoja akishajituliza humo, kingi wako watatu hawatamtoa, na mchezo ni sare. Akiwa nje ya mshazari huo, watatu wanaweza kumzunguka na kumnasa, kwa uvumilivu. Kwa hiyo kabla hujabadilishana kete zako za mwisho, jiulize nani atakuwa na mshazari mkuu baada ya vumbi kutulia. Ukiweza kupeleka kingi wako wa kwanza pale na kumwacha pale, fanya hivyo hata kama kuna kete ya kufukuzia kwingine. Nimeona ushindi mwingi ukigeuka sare kwa haraka ya kula kete moja ya mwisho.

Kuhusu adabu sitasema mengi. Ukigusa umecheza, zoea hivyo hata mwenzako asipokudai, kwa sababu ndivyo utakavyojifunza kutazama kwanza. Aliyesimama asinyooshe kidole ubaoni. Anayeshindwa ainuke ampishe mwingine bila kuomba mara moja tena. Na pesa iondolewe mezani. Mia moja ikiwekwa chini ya ubao, hakuna atakayekueleza kwa nini umekatwa, na bila maelezo hayo hujifunzi. Wazee wengi wanaocheza pale bustanini watakurudishia kete nyuma na kukuonyesha ulipoteleza ukiwaamkia na kuwaomba kwa heshima. Mafunzo hayo hayauzwi popote.

Kuna jambo linaloniuma: wanawake na wasichana ni wachache mno kwenye meza hizi. Steji si mahali ambapo msichana wa darasa la saba atakaribishwa kukaa saa mbili. Basi ubao uletwe nyumbani. Mzazi, usianze na kete kumi na mbili. Mtoto atachoka kabla hajaelewa. Anza na tatu kwa tatu, kila mmoja kwenye safu yake ya nyuma, na sheria moja tu ya kula kwa lazima. Akishakunasa mara ya kwanza kwa kukulisha, ongeza hadi sita. Mpe daftari aandike hatua kwa namba, 10–14, 23–19, na mchezo ukiisha mrudie pamoja kuanzia mwisho kwenda mwanzo mpaka mfike mahali ambapo mmoja wenu alikuwa bado ana njia nyingine.